Paskalina, Folda Nane na Picha Tisa

Saa moja kasoro asubuhi, umeme wa Ifakara bado haujaamua kama leo upo au haupo. Paskalina Mponda hausubiri uamue. Amekwisha kufagia kibaraza cha duka lake la steshenari, amewasha kompyuta iliyo karibu na mlango, na sasa anasoma sentensi moja kwa sauti, kama mtoto anayekariri sala ya komunyo.

"Yaliyomo hayatahamishwa," anasoma. Anatikisa kichwa. Anafuta. Anaanza upya.

Mama huyu wa watoto watatu, mwenye miaka 41, anaishi kwa kuchapa barua, kutoa kopi na kuprinti picha. Siku nzuri anabaki na shilingi elfu kumi na tano. Masika yakichachamaa na barabara zikageuka tope, hufunga duka na elfu tatu. Lakini saa hii ya asubuhi hailipwi na mtu. Anaitoa bure, kutafsiri kwa Kiswahili mfumo wa kompyuta anaoutumia dukani.

Sehemu aliyopewa ni ndogo hata inachekesha: majina ya folda nane ambazo mtu huzikuta tayari anapowasha kompyuta mpya. Nyaraka. Picha. Muziki. Video. Na nyingine nne za namna hiyo. Majina aliyamaliza kwa wiki mbili. Kilichomkwamisha miezi mitano ni onyo la sentensi moja linaloambatana nayo, na mwisho wa kulituma ni leo saa sita mchana.

"Lisipoingia leo, tunangoja toleo lijalo, miezi sita," anasema. "Ndani ya miezi sita kuna mtu atalia."

Yeye ameshalia.

Mwishoni mwa mwaka jana, mzee Limbu, mfugaji wa Kisukuma anayeishi ng'ambo ya mto, aliingia dukani na simu yenye picha tisa za binti yake Milembe. Binti alikuwa amefariki kwa homa akiwa na miaka kumi na saba. Mzee alitaka picha moja kubwa ya kutundika ukutani. Siku hiyo wino ulikuwa umekwisha, kwa hiyo Paskalina alizihamishia picha zote kwenye kompyuta na kumwomba arudi baada ya wiki.

Siku tatu baadaye simu ya mzee ilitumbukia mtoni akivusha ng'ombe. Hakuhangaika sana. Alijua picha ziko kwa Paskalina.

Wiki hiyohiyo Paskalina alibadili lugha ya kompyuta ile iwe Kiswahili, aone majina yake yanavyokaa. Kompyuta ikauliza, kwa Kiingereza, kama folda zipewe majina mapya. Akabonyeza ndiyo kwa furaha. Chini ya swali kulikuwa na onyo, lilelile analolitafsiri leo.

"Niliyaona yale maneno ila sikuyasoma," anasema. "Kiingereza cha kompyuta nimezoea kukipita tu."

Folda mpya zikatokea. Zile za Kiingereza nazo zikabaki pembeni, na picha za Milembe ndani ya mojawapo. Paskalina aliamini kila kitu kimeshahamia upande mpya.

"Sisi Wandamba wakati wa mpunga tunalala shambani kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti cha kufukuzia ndege," anaeleza. "Ukijenga jipya, la zamani unalivunja unapata kuni. Nikaona zile folda za Kiingereza ni dungu la zamani. Nikavunja. Sikuchungulia kama ndani kuna mtu amelala."

Ilikuwa Ijumaa, siku yake ya kusafisha kompyuta. Alifuta folda, akamwaga na pipa la taka la kompyuta, akaendelea na kazi siku nne nzima bila kujua, hadi alipozitafuta picha za Milembe aziprinti.

Fundi Deogratias wa Mang'ula, aliyemwingiza kwenye kundi la watafsiri, alikuja na programu ya kufufua mafaili akakaa nayo kutwa. Kati ya picha tisa ilirudi moja, tena kipande: paji la uso la msichana na kitambaa cha bluu kichwani. Kuanzia kwenye nyusi kushuka chini ni kijivu kitupu.

"Nilitaka kumwambia mzee ni virusi," anakiri Paskalina, macho yakiwa sakafuni. "Sisi wa steshenari tukiharibu kitu cha mteja tunasingizia virusi. Nikashindwa. Nikamwambia ni mimi."

Mzee Limbu aliomba maji, akanywa, akasema, "Mama, umenizikia mtoto mara ya pili." Kisha akaondoka. Hakukanyaga duka lile kwa miezi mitano, na hakuna aliyeweza kumlaumu.

Leo saa tatu anaingia, fimbo mkononi. Paskalina ndiye aliyemwita, aje kulisikiliza onyo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Haya, nisomee."

Anamsomea: "Vitu vyako havitahamishwa."

Mzee anaegemea fimbo yake. Hajawahi kugusa kompyuta maishani mwake. "Havitahamishwa, sawa," anasema. "Vitakuwa wapi? Ng'ombe akibaki nyuma, mtu aambiwe amebaki malisho gani, ndipo amfuate."

Paskalina anamtazama. Miezi mitano ameisugua sentensi hiyo, na swali hilo hakuwahi kujiuliza. Anaandika taratibu, kisha anasoma: "Vitu vyako havitahamishwa. Vitabaki kwenye folda za zamani. Vihamishe mwenyewe kabla ya kuzifuta."

"Hapo nimeelewa," anasema mzee.

Deogratias, aliyepigiwa simu, hapendezwi. "Dada, hiyo ni ndefu mara mbili ya ile ya Kiingereza. Wakaguzi wataikataa."

"Waambie mimi ndiye niliyefuta," anajibu Paskalina. Saa tano na dakika ishirini anaituma. Kama itakubaliwa, hajui. Majibu huchukua wiki kadhaa.

Ikipita, anakusudia kuzungukia maduka ya steshenari ya Mang'ula na Kidatu, aziweke kompyuta zao kwa Kiswahili na kumsubiri kila mwenye duka asome onyo lile kwa sauti mbele yake. "Ikikataliwa nitatuma tena, na tena," anasema. "Picha za mzee sitazirudisha hata nikilia. Hilo nalijua."

Mzee Limbu amesimama, lakini haendi. Anauliza kama wino upo leo.

"Upo, baba."

"Basi nitolee kile kipande. Kikubwa, cha ukutani."

Paskalina anafungua folda iliyoandikwa Picha. Ndani yake kuna faili moja tu.