Sukari ya Majani

Kashikishi nzima, mji wetu wa kando ya ziwa, ilikuwa ikianika samaki. Mimi mjinga nilikuwa nikiwafuga kwenye sanduku la kioo, pamoja na majani ya ziwani. Majani yalitaka hewa ukaa, nikaitengeneza kwa sukari na hamira ndani ya chupa, ikapita kwenye mpira mwembamba hadi majini. Lakini viputo vilipanda vikapasuka juu, sukari ikaenda bure. Nikafunika mdomo wa mpira kwa gilasi ya wageni niliyoipindua, humo humo majini. Hewa ikanaswa, ikayeyuka polepole, majani yakanawiri.

Mama mdogo, aliyekuwa amevuka ziwa na wanawe kukimbia vita vya Kongo, akaja kuyatazama.

“Inakula muzuri, mutoto yangu,” akasema.

Kisha akasuuza mkebe wetu mtupu wa sukari kwa maji ya moto, akampa kitinda mimba wake anywe.