Matanga ya Mama Kwenye Nyika ya Dubu

Mama alipofariki Tabora, mtani wangu wa Columbus alinitumia kadi. Kadi! Ina maua meupe na njiwa, na ndani ameandika kwa mwandiko safi, "Pole sana kwa msiba mzito." Niliisoma nimesimama jikoni kwangu Louisville, nikapandwa na hasira. Machozi hayakuja. Hayakuwa yamekuja tangu simu ya msiba ilipolia.

Mimi ni Mnyamwezi, yeye ni Mzaramo, na Mzaramo kwenye msiba wa Mnyamwezi hana ruhusa ya kuwa na adabu. Kazi yake ni kujifunga kanga ya marehemu, kumwigiza alivyokuwa akitembea, kuzuia jeneza lisipite mpaka apewe chochote, na kuwatania wafiwa mpaka wacheke, maana aliyecheka msibani ndiye anayelia vizuri. Mama alizikwa nikiwa ghalani napanga maboksi, kwa kuwa makaratasi yangu hayakuniruhusu kusafiri. Watani wa Tabora walifanya kazi yao bila mimi. Nilibaki na huyu mmoja, naye Marekani imemfundisha ustaarabu! Miezi mitatu, kila nikimpigia, ananiuliza kwa sauti ya daktari, "Unaendeleaje?" Nilitamani kumzaba kofi.

Ndiyo maana rafiki yetu Mkongo wa Buffalo alipotualika kuwinda swala kwenye nyika za Montana, nilikubali haraka na kumburuta mtani. Nilijiambia kwamba siku kadhaa ndani ya gari moja zitamrudisha alivyokuwa. Wapi! Alinifungulia mlango. Alinipa kiti cha mbele. Nilimwambia Wazaramo mawindo yao ni mbu tu, akatabasamu, akanipa chupa ya maji.

Nyika yenyewe ni majani mafupi mpaka macho yachoke, hata sungura hana pa kujificha. Mkongo alituvalisha vizibao vya rangi ya chungwa, akampa mtani kopo la pilipili ya kumpulizia dubu. Wale dubu wakubwa wa kahawia zamani walifukuzwa wakakimbilia milimani. Sasa wanarudi tambarare, na wengine wakisikia bunduki wanajua chakula kiko tayari. Mtani alisoma maelekezo ya kopo lile mara tano, midomo ikimcheza kama anayesoma dua.

Tulitambaa karibu nusu saa, magoti yamejaa miiba. Nikasema bismillahi, nikafyatua, dume la swala likaanguka. Nilikimbia na kisu, nikaliwahi likiwa hai, nikalichinja. Nilipoinua kichwa niliona kwenye tope la kijito cha karibu unyayo mbichi, mpana kama sinia, wenye alama za kucha ndefu.

"Bon," Mkongo akasema, "tusinyamaze. Dubu akisikia batu, anaenda. Kama anatukuta kimya, donc anashituka, na njo mwisho yetu. Muongee! Kwa nguvu!"

Wanaume watatu tuliopiga soga njia nzima tukakosa la kusema. Mkongo alianza wimbo wa kanisani, akasahau ubeti wa pili. Mimi nilikohoa. Kisha, kama mita mia mbili kutoka tulipo, kitu cha kahawia kikainuka kwa miguu miwili, kikanusa upepo.

Hapo ustaarabu ukamtoka mtani wangu wote kwa mkupuo. Alivua kizibao, akajifunga kiunoni mfano wa kanga, akapinda mgongo, akapaza sauti nyembamba ya mama yangu, ileile iliyokuwa ikimtukana kwenye simu yangu kila Ijumaa tulipokuwa tukiishi pamoja.

"We Mzaramo mvivu! Bado unamalizia mwanangu chakula? Na wewe baba, mbona umekonda? Nimekufa, hata kunizika hukuja! Wewe unabeba mizigo ya Wazungu, mama yako anabebwa na majirani! Mpagazi we! Beba huyo swala twende, mimi nina safari ndefu!"

Nilicheka mpaka kisu kikaniponyoka. Nilicheka nimeshika pembe za swala, na katikati ya kicheko kile nikaanza kulia, nikimwita mama kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo. Dubu alishusha miguu, akageuka, akaenda zake. Mkongo anaapa mpaka leo kwamba mnyama alikimbia kilio changu.

Mtani hakunibembeleza. Alinitukana hatua kwa hatua, kwa sauti ya mama, huku tukimburuta swala mpaka kwenye gari. Pale akachukua kisu, akakata paja la nyuma, akalitupia begani.

"Hili langu," akasema, sasa kwa sauti yake mwenyewe, naye macho yamemwiva. "Huwezi kuzika mbele yangu bure."

Nikamwambia achukue na la pili. Mama yangu alikuwa amezikwa.