Siku Mwenye Nyumba Aliponiita Mke Wake

Posa yangu iliharibiwa na mwanamume ambaye hajawahi hata kunishika mkono. Tena mchana kweupe.

Wajukuu zangu wa humu mtandaoni, sogeeni niwape mkasa.

Ilikuwa mwaka 1971, Kariakoo, Mtaa wa Mahiwa. Mimi, Hamdiya, nilikuwa fundi cherehani, nimepanga chumba kwa Mzee Sheikhan. Nyumba ya miti na udongo, bati juu, vyumba sita, choo kimoja uani. Mzee aliipenda ile nyumba kama roho yake.

Basi redio ikatangaza kwamba serikali inataifisha majumba ya kupangisha. Mzee akaizima palepale. Hakutaka kusikia zaidi.

Tangu hapo hakutulia. Gari likisimama nje, anachungulia. Mwishowe akatuita wapangaji wote uani.

"Mtu wa serikali akija, hapa hakuna mpangaji. Nyote ndugu zangu. Kasmir, wewe mtoto wa dada yangu."

Kasmir, Mchagga wa Rombo aliyeuza viatu, akashika kiuno. "Mzee, na lafudhi hii?"

Nilicheka siku ile. Laiti ningejua!

Haikupita wiki, akaja mtu mzima mmoja. Shati limenyooshwa, kalamu mfukoni, bahasha mkononi. Mimi nilikuwa sokoni nanunua nyuzi. Mzee Sheikhan ndiye aliyempokea. Mpangaji mwenzangu Severa alikuwa anaosha vyombo, akasikia yote.

"Ndugu, Hamdiya anakaa hapa?"

"Anakaa."

"Ni mpangaji wako?"

"Mpangaji wapi! Mke wangu huyo."

Mgeni akainuka. Maji aliyopewa hakuyagusa. Akaaga, akaondoka.

Niliporudi, Severa akanisimulia. Mgeni alivyo, jina lake, anakotoka.

Yule hakuwa mtu wa serikali. Alikuwa Mzee Uwesu wa Ilala, ami yake Seifu, mwanamume niliyempenda kufa. Kwetu, kabla ya kuleta posa, upande wa mume humtuma mtu mzima aulizie binti pale anapokaa. Ndiye huyo sasa.

Nikamwendea mwenye nyumba.

"Shikamoo mzee. Nakuomba uende Ilala ukaseme kweli."

"Nikikanusha, habari zitafika serikalini. Nyumba itakwenda."

"Na mimi je?"

"Wanaume wako wengi, mwanangu. Nyumba ninayo moja."

Nilitaka kulia. Hasira ikawahi.

"Haya, mume wangu! Tangu leo kodi sitoi. Na ulete mchele, nazi na doti ya khanga."

Uani pakalipuka kicheko. Kasmir akadakia, "Hata mimi, mjomba. Nani anamtoza mpwawe kodi?"

Walikuwa wanatania, nikadhani. Kumbe wamekaza! Mwisho wa mwezi mzee hakuambulia hata thumni. Akasalimu amri.

Tukaenda Ilala, mimi, yeye, na Severa shahidi wetu. Mzee Uwesu akasikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza mwenye nyumba:

"Nyumba yenyewe ghorofa?"

"Ya udongo."

"Sasa ndugu yangu, redio hukuisikiliza? Wanachukua majengo ya kuanzia laki moja. Hiyo yako, laki itaionea wapi?"

Severa alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikuweza.

"Na Seifu?" nikauliza. Adabu zote zilinitoka.

"Seifu tangu siku ile hali, halali. Ametuchosha. Posa tutaleta Ijumaa."

Nikalia mbele za watu, na wala sikuona haya.

Mzee Uwesu akamgeukia tena Sheikhan. "Ile bahasha niliyokuja nayo unaikumbuka?"

"Naikumbuka."

"Nilisikia una chumba kitupu. Nilitaka nikiwahi kwa ajili ya maharusi. Mle ndani mlikuwa na kodi ya mwaka mzima."

Mzee Sheikhan akavua kofia, akaitazama, akaivaa tena.

Tulipanga Buguruni, mimi na Seifu wangu, na leo nina nyumba ya kupangisha hukohuko. Mgeni akimuulizia mpangaji wangu, nampa kiti, nasema nilijualo.

Nanyi mnaojenga vyumba vya kupangisha, nawaambia: hofu ya kupoteza nyumba itawapotezea wapangaji kwanza. Taarifa ya habari ikianza, isikilizeni mpaka iishe.