Hugues Hakusikia Nikigonga Lori

Kwaru, kwaru, kwaru.

Matairi yalikuwa yanasaga kokoto. Nikashtuka. Lami imeenda wapi?

Nilikuwa juu ya baiskeli, mkono mmoja nimeng'ang'ania nyuma ya lori la Hugues. Ndivyo tunavyopanda milima sisi tunaoshusha ndizi Bujumbura.

Nikainua kichwa. Lori lilikuwa linaiacha barabara, taratibu, kuelekea korongoni.

Madereva wa njia hii wanajua: ukigongwa mara mbili kwa nyuma, punguza mwendo.

Nikagonga. Du, du!

Wapi!

Nikagonga tena hadi ngumi ikachubuka. Kimya.

Ningeachia tu, nikabaki salama. Lakini Hugues ni jirani yangu mtaani Kinama. Tulimzika mkewe, Amélie, mwaka jana. Watoto wake wana nani mwingine?

Nikaitupa baiskeli, nikaparamia magunia, nikalitwanga paa la kabini kwa mikono miwili.

"Hugues! Breki! Unakufa!"

Lori likasimama kwa kishindo. Gurudumu moja la mbele lilikuwa limeshapita ukingo.

Nikashuka ninawaka.

"Mukubwa, umelewa?"

"Apana, mudogo. Hata tone. Kichwa kinazunguka. Daktari alinipatiaka dawa za huzuni, baada ya kifo cha Amélie."

"Basi ni zenyewe! Zitupe!"

Akanitazama kwa macho mekundu.

"Nilishazitupa wiki iliyopita. Madereva walinicheka, eti mi nakunywa dawa za vichaa. Tangu pale silali."

Nikatoa simu.

Tukampigia Joëlla, nesi wa zahanati yetu. Akafoka mpaka simu ikakwaruza.

"Nani alikuambia uache gafula? Dawa hizi ukizianza, ukizibadilisha ao ukizikata, mwili unaweza kuyumba! Usiguse usukani. Kuja, daktari akuone leo."

Ndugu zangu madereva, sikieni. Dawa ya huzuni si aibu. Aibu ni kuiacha kwa kuogopa vicheko, kisha ukapakia roho za watu. Muulize daktari kabla ya kuendesha, na kabla ya kuacha.

Hugues alikaa kwenye kokoto, kichwa mikononi.

"Patron, mwenye lori, atanifukuza. Na wale wenzangu watacheka tena."

Nikamshika bega, nikasema kwa sauti, korongo zima lisikie:

"Leo nakufikisha kwa daktari mi mwenyewe, hata kwa mugongo. Na mutu akikucheka, ataanza na mi. Naapa, Hugues."