Kuamshwa ili Niagwe

Kahawa iliyomenywa jana na kulowekwa ina harufu yake, chachu na tamu kidogo, inayopanda puani na kukaa humo. Msimu nilipokuwa na miaka saba, harufu hiyo iliingia chumbani kwangu kila siku, nyumba nzima ikiwa shambani nami nikiwa kitandani peke yangu, pale kijijini kwetu Hasamba, nikiuguza mshono wa kidole tumbo. Watu walisema nimepona. Nilikuwa nimepona tumbo tu. Usingizi ulikuwa umenikimbia.

Sababu naijua vizuri. Hospitalini mama alinishika mkono mpaka mlango wa chumba cha upasuaji, akaniambia, "Lala tu, Sekela. Ukiamka utanikuta hapa hapa." Nikalala kwa kumwamini. Nilipoamka sikumkuta. Niliona dari nyeupe na muuguzi nisiyemjua, mdomo umenikauka, tumbo linawaka moto. Mama alikuwa nje kwenye benchi, akisubiri kuitwa. Huenda zilipita dakika kumi, lakini mimi niliziona kutwa nzima. Toka hapo niliamini kwamba nikifumba macho tu, watu wataondoka na mimi nitakatwa.

Nyumbani mambo yakazidi. Kwetu mtoto mgonjwa haagwi. Mama humsubiri asinzie, kisha hushika ndala zake mkononi na kutoka kwa kunyata, asije akaliliwa. Mama yangu alifanya hivyo kwa huruma kabisa, na ilimlazimu kutoka, maana kahawa ilikuwa imeiva na wachumaji walikuwa wachache. Basi nikaapa kutolala. Nilihesabu misumari ya bati juu yangu, ikiisha naanza upya. Nilijifinya mapaja. Usingizi ukinizidi nguvu nilishtuka nimeshika mshono, nikiita, na aliyeniitikia ni kuku aliyekuwa akiatamia uvunguni. Sijawahi tena kuwa mpweke kiasi kile. Nikakonda, chakula kikanishinda, mpaka baba, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, akasema hali ikiendelea hivi nitarudishwa hospitalini. Nililia siku hiyo mpaka sauti ikakauka.

Asubuhi moja mama alinifuma nikijifinya. "Unajifanyia nini?"

"Nikilala utaondoka."

Aliketi kitandani na kikapu chake cha kuchumia mapajani. Nilitegemea kukaripiwa. "Nikitaka kutoka," akasema, "nitakuamsha." Sikumwamini, kwa nini nimwamini? Nilifumba macho kwa kumtega, na usingizi, ambao nao ulikuwa umenivizia, ukanipitia. Mara nikaguswa bega. "Sekela, mwanangu, sasa naondoka. Nitarudi jua likifika kwenye ile ndoo pale ukutani." Nikautazama mgongo wake ukitoka mlangoni. Nililia kidogo, kisha nikalala kweli. Jua lilipoigusa ndoo, mama alikuwa ameshaingia, vidole vikinata kwa utamu wa kahawa mbivu.

Jirani yetu, Mama Edina, alimcheka wazi wazi. "Mtoto mgonjwa kapata usingizi, wewe unamwamsha! Mwenzetu una mambo." Mama aliniamsha kila siku mpaka msimu ukaisha, na jina la hospitali halikutajwa tena.

Leo nauza vitenge Tunduma, na mwanangu Baraka ana miaka saba. Mwaka huu amefanyiwa upasuaji wa ngiri. Nilimweleza kila kitu kabla, hata kwamba kitauma, na nikaomba niwe kando yake atakapozinduka. Nikaruhusiwa. Nilimkabili muuguzi kwa ukali kupita kiasi, naona aibu nikikumbuka, kwa sababu wala hakuwa amenikatalia.

Siku ya kwanza ya kurudi dukani nilimwachia dada wa kazi uji wa Baraka, nikaenda kitandani kwa mwanangu nikamgusa bega. "Baraka, mwanangu, sasa naondoka. Nitarudi saa sita."

Hakufumbua hata jicho. "Mama, si umeshaniambia jana? Niache nilale." Akageukia ukutani, akaanza kukoroma.

Nilifurahi, nasema kweli. Lakini mama yangu tulimzika, huu ni mwaka wa tatu sasa, na hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniamsha ili aniage tu. Nilibaki nimesimama pale, funguo za duka mkononi, nikimwonea wivu mwanangu.