Neno refu nililolikata kwenye geti la mama mkwe

Makosa ni yangu, msitafute mwingine wa kulaumu. Si rangi, si brashi. Ni mimi na Kiingereza changu!

Mimi ni mchoraji wa mabango hapa Nakuru. Mwaka jana nilikuwa namposa Chebet. Mamake ana ploti Salgaa, kando ya barabara kubwa, na matapeli walishajaribu kuiuza mara mbili, mwenyewe akiwa ndani anapika chai. Akaniita.

“Kijana, niandikie tu hapo ‘Haiuzwi’. Kubwa.”

Haiuzwi! Mimi niliyepata A ya Kiingereza, nimwandikie mama mkwe neno la kila ukuta? Nikaamua kuandika kwamba ploti ni yao bila ubishi wowote: THIS PLOT IS INDISPUTABLY OURS.

Shida ikawa nafasi. Ukutani, kushoto kwa geti, palitosha THIS PLOT IS IN, na chini yake DISPUT. Nikarukia kulia, nikamalizia ABLY OURS. Silabi nilizijua, in-dis-pu-ta-bly, tano. Nilijua pia nimekata pabaya. Lakini nani Salgaa atapima silabi? Na kila msomi anajua hiyo in ni kiambishi cha kukanusha. Lo, kiburi!

Siku ya posa, wazee wetu wakaja kutoka Olenguruone wakiongozwa na mjomba. Geti lilikuwa limefunguliwa wazi kwa heshima yao, likalalia ukuta wa kulia na kufunika ABLY OURS yote. Mjomba akasoma upande uliobaki, polepole, kidole hewani.

“In dispute. Hii ploti iko na kesi.”

“Mjomba, E haiko hapo!”

“Fundi amesahau. Twende. Tumekuja kuoa, hatukuja kuwa mashahidi kortini.”

Wakageuza gari! Mama mkwe alibaki mlangoni na kibuyu cha mursik, maziwa ya kuwakaribisha wageni, mkononi. Niliona aibu.

Chebet alinitazama, macho mekundu.

“Ulitaka kunioa ama kuonyesha watu unajua English?”

Hata leo simu zangu hashiki.

Juzi nilipita hapo. Ukuta umepakwa upya, na mamake ameandika kwa mkono wake mwenyewe: HAIUZWI. Herufi zimepinda, lakini zinasomeka hata geti likiwa wazi.

Jamani, mkiambiwa muandike fupi, andikeni fupi! Mimi niling’ang’ania neno la silabi tano, nikapoteza la silabi mbili: Che-bet.