Makosa Mawili na Kisima cha Magogoni

Siku ya kwanza kazini nilivaa tai. Nilikuwa nimetoka Kitui na cheti changu cha takwimu, nimepanga chumba Bombolulu, wala hakuna aliyeniambia kwamba maabara ya maji pale Changamwe ilikuwa na joto la kuumua unga wa maandazi. Mkuu wa Maabara, mama wa makamo wa ukoo wa zamani wa Mombasa, alinitazama kuanzia tai hadi viatu, kisha akanipa matokeo ya chupa za maji kutoka vioski viwili. Nilitakiwa kusema kama maji yao yanatofautiana. Nikapiga hesabu, nikaandika: "Hakuna tofauti."

"Kwani weye umeyapima maji yote ya vioski hivi?" akaniuliza.

"Hapana, Madam. Chupa chache tu."

"Kwetu twasema la, na mimi si Madam. Sasa hilo 'hakuna' umelitoa wapi? Andika 'haijaonekana'."

Nilidhani ni maringo ya watu wa pwani na Kiswahili chao, ambayo sisi tuliotoka bara tumeyavumilia sana. Akavuta kiti.

"Watu wakenda kuutazama mwezi wa Ramadhani wasiuone, hutangazwa vipi?"

"Kwamba mwezi haujaonekana, Bi Mkuu."

"Ushapata kusikia mtu akitangaza hakuna mwezi? Huenda uko nyuma ya wingu, mwanangu."

Mimi ni Mkristo, mwezi huo sikuwahi kuutafuta, lakini somo hilo lilinikaa kuliko yote ya chuoni. Nanyi vijana mnaobonyeza kitufe na kompyuta ikawajibu, lichukueni. Kila jaribio huanza na dhana tupu, yaani tunashika kwanza kwamba hakuna jambo jipya: Shaabani, mwezi unaotangulia Ramadhani, ungali unaendelea, vioski viko sawa. Kisha tunauliza kama bahati peke yake ingeweza kutuletea matokeo tuliyoyapata. Ikiwa ni vigumu mno, dhana tunaiacha. Ikiwa si vigumu, tunabaki nayo, lakini kubaki nayo si kuithibitisha.

Hapo ndipo yanapoingia makosa mawili. Kosa la aina ya kwanza ni kutangaza mwezi ambao haukuwapo, watu wakafunga bure. La aina ya pili ni kuukosa mwezi uliokuwapo, watu wakala mchana wa Ramadhani. Ofisi yetu ilikubali kufanya lile la kwanza mara tano katika mia, na huo ndio tuliouita mpaka. Ukiubana mpaka ili usizushe mambo, unaongeza hatari ya kutoona yaliyopo. Dawa ni kuongeza sampuli, na sampuli hudai gari, mafuta na chupa safi, vitu ambavyo havikupata kupatikana siku moja vyote pamoja.

Nilihamishiwa Likoni, chini ya Afisa wa Sehemu ambaye neno "haijaonekana" lilimkera. Matokeo yasipompendeza aliamuru jaribio lirudiwe, na lirudiwe tena, mpaka tofauti itokee, kisha hilo moja ndilo lililopelekwa makao makuu. Ukitupa nyavu mara nyingi hivyo, bahati itakuletea samaki hata ndani ya beseni. Nilimweleza, akanipeleka stoo kuhesabu mifuniko.

Kutoka stoo nikapelekwa Kisauni, na hapo ndipo nilipokutana na Mama Kadzo. Alikuwa mjane mwenye kisima Magogoni, akiuza maji kwa madumu, na kisima hicho ndicho kilichomlea yeye na wajukuu. Baada ya mvua kubwa, watoto wa nyumba za nyuma wakaanza kuhara, majirani wakakinyooshea kidole kisima chake. Visima vifupi vya upande ule havikosi vijidudu kidogo. Swali letu lilikuwa kama chake kinazidi vya jirani, na dhana tupu ilikuwa kwamba hakizidi.

Duru ya kwanza tulipata chupa chache, njia zilikuwa zimejaa maji. Matokeo hayakuvuka mpaka. Msimamizi wa Kituo alitaka tangazo siku hiyohiyo.

"Andika maji hayana tatizo, bwana. Watu wanataka ndiyo au la."

"Tatizo halijaonekana, mkubwa. Chupa zenyewe hizi ni wingu tupu."

Alininunia, ila akatoa gari. Duru ya pili tulichota vya kutosha, na safari hii matokeo yalivuka mpaka, kwa unywele. Sheria ya ofisi haikujua unywele. Kisima kikafungwa, bango likapigiliwa kwenye mlango wa Mama Kadzo mbele ya majirani, naye alisimama kando amejishika kiuno. Watoto waliacha kuhara. Lakini na mvua nayo ilikuwa imekatika wiki hiyohiyo, kwa hiyo sikuweza kujua kilichowaponya ni nini. Huenda niliwakinga watoto wa watu. Huenda kisima kile kilikuwa katika zile tano za mia, na nikamnyang'anya mjane riziki yake kwa sababu ya bahati. Jambo hilo liliniuma, na linaniuma hata leo.

Nimestaafu sasa. Asubuhi naenda soko la Kongowea kununua mboga, kwani mke wangu hanitaki jikoni saa hizo. Hivi karibuni nilimkuta Mama Kadzo huko, ameketi nyuma ya fungu la mchicha, amezeeka lakini macho ni yale yale. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Si wewe wa chupa?"

Nikakiri ni mimi. Nikaanza kumweleza habari ya mpaka na makosa mawili, nadhani nilitaka anisamehe. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akinyunyizia mchicha maji.

"Kwa hivyo ulijua waweza kuwa umekosea."

"Nilijua, mama."

"Na mimi hukuniambia. Wale watoto niliwajua kwa majina, mwanangu. Ungekuja ukanambia huna hakika, ningekifunga mwenyewe ile mara ya kwanza, bila bango. Mbona hukuniuliza?"

Nikamwambia utaratibu haukuwa hivyo.

Akaufunga mchicha wangu kwa ukindu, akanikabidhi, akaniuliza huo utaratibu ulikuwa ukinywa maji ya kisima gani.